Nani Alikagua Tembe la Kwihara?

Tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Mtendeni na mitaa mingine ya Tabora mjini, hutajwa zaidi kwa majina ya wageni wake. Stanley alifikia humo mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji. Februari 1872 alirudi na Livingstone, naye Livingstone akakaa hadi Agosti. Lakini nyumba yenyewe ina historia yake: wafanyabiashara wa misafara waliijenga na kuitunza, kisha ikaachwa, ikabomoka, na mwaka 1957 ikajengwa upya. Watu husema udongo haudumu. Mimi nasema tembe lile liliangushwa na kukosa mkaguzi.

Tembe lina kuta nene za udongo na paa bapa: boriti, juu yake fito, juu ya fito udongo. Mvua za Unyamwezi huanza Novemba hivi na kuisha Aprili; miezi inayobaki ni kiangazi. Jua hupasua paa, mvua ya kwanza hupenya kwenye ufa, boriti huoza, nao mchwa hupanda kutoka ardhini. Kwa hiyo ukaguzi wa nyumba kama hii una msimu wake. Kabla ya mvua, mtu hupanda kutafuta nyufa, hugonga nguzo asikie kama zimeliwa ndani, huchunguza ukuta chini panapopigwa na maji. Ufa wa Oktoba huzibwa kwa udongo kidogo. Ukisubiri hadi Januari utadai boriti mpya. Tajiri aliyeweka pembe na vitambaa humo kwa miezi kadhaa hakuweza kulipuuza paa.

Atakayepinga ataonyesha boma la Wajerumani, ambalo limesimama Tabora hadi leo. Ni kweli, jiwe huvumilia uzembe kuliko udongo. Lakini boma halikukosa mwenyewe: Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916, na Waingereza walipowafuata, kila utawala ulihitaji majengo. Udongo nao hudumu ukipata mtunzaji: huko Mali, msikiti mkuu wa Djenné, uliojengwa upya mwaka 1907 kwa udongo, umesimama kwa sababu wakazi huusiriba kila mwaka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba matembe ya matajiri yaliendeshwa kwa jasho la watumwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kusiriba kulikuwa nje ya kazi hizo. Basi utaratibu huo si wa kutamaniwa. Nakubali, na hapo ndipo penye somo: gharama ya matunzo ilikuwepo, ila alibebeshwa asiyelipwa. Misafara ilipokufa, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912, hakuna aliyeirithi gharama hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuharibu; haimpandishi fundi paani. Uholanzi ililiona pengo kama hilo na mwaka 1973 ikaanzisha Monumentenwacht, wakaguzi wanaozungukia majengo ya kale kwa ratiba na kuandika kasoro zingali ndogo. Kwihara, ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia pamoja na vituo vingine vya njia ya misafara, inahitaji fungu la fedha la kila Oktoba kuliko ukarabati mkubwa wa kila nusu karne.