Muungwana, Songa Kidogo

Steji ya Garsen, saa sita mchana, jua la kupasua kichwa. Makanga wa gari la Lamu akanigusa bega: "Muungwana, songa kidogo." Nikasonga. Bibi yangu akacheka chini chini. "Zamani, mjukuu wangu, hilo neno hukupewa bure hivyo."

Ni kweli. Kabla ya kuwa mtu mpole, muungwana alikuwa mtu huru, mwana wa watu huru, kinyume cha mtumwa. Mtumwa angeweza kumshinda bwana wake kwa utu na adabu, na bado jina lisimguse.

Gari lile hupita Witu. Miaka ya 1860 Ahmed Simba, Mnabahani wa Pate, alijenga dola yake hapo, na waliokimbia mashamba ya Malindi na bara ya Lamu wakamfuata. Msitu ukawaficha, wakalima, wakashika bunduki. Waungwana wa mijini waliwaita watoro, kana kwamba mtu anaweza kujiiba mwenyewe. Waingereza wakaivamia Witu 1890. Mwaka 1907 sheria ikafuta utumwa kwenye mwambao wa Kenya, na fidia wakalipwa mabwana, si watumwa.

Lakini neno lilikuwa limeshatoroka pia. Wapagazi waliotoka Unguja na misafara ya bara, wengi wao wakiwa bado watumwa wa watu, walijiita waungwana huko mbele ya safari. Nani angewauliza cheti? Mashariki ya Kongo, Kiswahili walichosaidia kukieneza kikaitwa Kingwana.

Ndiyo maana msemo "muungwana ni vitendo" siusikii tena kama nasaha ya darasani. Nausikia kama hoja ya mtu aliyenyimwa jina kwa sababu ya mama yake.

Tulipokaribia Witu nikamuuliza bibi, sisi je? Akatazama nje. Bibi yake yeye alikulia Kipini, "katika nyumba ya watu." Nyumba ya watu. Kwetu hadithi huishia hapo, na siku za posa bado kuna mzee atakayeuliza, "Kwao hasa ni wapi?"

Makanga akiniita muungwana, sasa naitika kwa sauti. Kuna mtu wa kwetu aliyeondoka duniani bila kuitwa hivyo.