Mkaguzi wa Nyumba ni wa Nani?

Kabla ya Desemba 2008, kutafuta nyumba Uskoti kuliwatia watu hasara hata pale waliporudi mikono mitupu. Nyumba iliyogombewa iliuzwa kwa bahasha: muuzaji alitangaza bei ya kuanzia, na siku ya mwisho kila mnunuzi akawasilisha bei yake bila kujua mwenzake ameandika nini. Mwenye busara hawekei bei jengo asilolijua. Kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kumtuma mkaguzi wake kwanza, na kumlipa. Wanunuzi sita wakiitaka nyumba moja, wakaguzi sita walichungulia dari ile ile, wakaona unyevu ule ule, na ripoti tano kati ya sita hazikumfaa mtu. Walioshindwa walianza upya kwingine. Haishangazi kwamba wengi waliamua kuukwepa ukaguzi kamili, wakaridhika na uthamini mfupi ambao shabaha yake ilikuwa kuitosheleza benki.

Sheria ya Nyumba ya Uskoti ya 2006 iliuhamishia mzigo huo kwa muuzaji. Tangu 1 Desemba 2008, anayetangaza nyumba ya kuishi, isipokuwa mpya na nyingine chache, lazima awe na Ripoti ya Nyumba yenye sehemu tatu: ukaguzi wa jengo pamoja na thamani yake, ripoti ya matumizi ya nishati, na dodoso analolijaza muuzaji mwenyewe. Ripoti isiwe imepita wiki 12 nyumba inapoingia sokoni. Kila sehemu ya jengo, kuanzia paa hadi mabomba, hupewa daraja la 1 hadi 3, na la 3 maana yake ni matengenezo yasiyosubiri.

Mjadala wa nani alipe huendeshwa mara nyingi kama mjadala wa haki: upande mmoja unasema anayenufaika na taarifa ni mnunuzi, basi atoe fedha, mwingine unasema mwenye bidhaa ndiye athibitishe ubora wake. Nauona mjadala huo ni finyu. Ada hiyo, hata akiilipa muuzaji, huweza kurudi kwa mnunuzi ndani ya bei. Na soko likidorora, muuzaji huimeza mwenyewe. Sheria huamua nani atangulie kutoa pesa tu, soko ndilo huamua nani aumie. Sababu nzito ya kumtaka muuzaji atangulie ni nyingine: taarifa ileile hutengenezwa mara moja badala ya mara sita, na hupatikana kabla mtu hajafunga moyo wake kwenye nyumba.

Hapo ndipo pingamizi linapokuja, na si dogo. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Mkaguzi aliyechaguliwa na kulipwa na muuzaji, na anayetarajia kuitwa tena na dalali yuleyule, atauona ufa ukutani au atauita mstari wa rangi?

Kusini mwa Uskoti jambo kama hilo lilijaribiwa likashindikana. Sheria ya 2004 ilikusudia kila muuzaji wa England na Wales aandae furushi la taarifa likiwa na ripoti ya hali ya jengo. Julai 2006, kabla hata mpango haujaanza, serikali iliondoa ulazima wa ripoti hiyo. Furushi lililoanza Agosti 2007 likabaki na hati za umiliki, majibu ya halmashauri na cheti cha nishati, yaani kila kitu isipokuwa kile ambacho mnunuzi alitaka kukijua. Mei 2010 lilisimamishwa. Wauzaji walikuwa wanalipia karatasi zisizomwambia mtu kama paa litadumu, na sera iliyokatwa kiungo chake cha maana haiwezi kuwa ushahidi kwamba wazo zima lilikuwa baya.

Jibu la pingamizi halimo katika ada bali katika uwajibikaji. Mwaka 1989 Bunge la Mabwana, likiwa mahakama ya juu ya Uingereza, liliamua kesi ya Smith dhidi ya Eric S Bush. Smith, mnunuzi wa nyumba ya kawaida, alikuwa amelipia uthamini ulioagizwa na mkopeshaji. Ripoti ilisema hakuna matengenezo ya lazima. Baadaye dohani, ambayo nguzo zake za chini zilikuwa zimeondolewa, iliporomoka na kupenya paa. Mthamini alijitetea kwamba mteja wake ni mkopeshaji, na kwamba fomu ilikuwa na maneno ya kumwondolea dhima. Mabwana walikataa: alijua kwamba mnunuzi ataitegemea kazi yake, na kifungu kile cha kujivua dhima hakikuwa cha haki.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Huko muuzaji hulipia jalada la uchunguzi: gesi na umeme kwa mifumo iliyozidi miaka 15, madini ya risasi kwenye rangi za nyumba zilizojengwa kabla ya 1949, asbesto kwa majengo ambayo vibali vyake vilitolewa kabla ya Julai 1997, na mchwa katika maeneo yaliyotangazwa. Asipokuwa na uchunguzi wa hatari fulani, hawezi kujikinga na dhamana ya kasoro zilizofichika kuhusu hatari hiyo. Na tarehe 8 Julai 2015 Mahakama ya Rufani ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mchunguzi aliyekosea kuhusu mchwa anapaswa kumfidia mnunuzi hasara aliyoipata, ingawa aliyemlipa ni muuzaji. Ngozi ikivutwa upande mmoja, sheria inavuta upande wa pili.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilipokea sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa 22 Julai 1920, pamoja na kanuni yake kongwe ya mnunuzi ajihadhari. Wanunuzi wetu wanajihadhari kweli, ila na karatasi. Hukagua hati kwenye ofisi ya ardhi, huwauliza majirani na serikali ya mtaa, huogopa nyumba moja kuuzwa mara mbili. Nyaya zilizoungwa na fundi wa mtaani hakuna anayezifungua. Na pale benki inapokopesha, mkopaji hulipia uthamini ambao hukabidhiwa benki, hali ileile iliyomfikisha Smith mahakamani.

Lakini kuna mtaalamu ambaye huja kwa vyovyote. Kodi za uhamisho wa miliki hukokotolewa kwa thamani ya nyumba, na thamani hiyo huhitaji kupimwa au kuidhinishwa na mthamini wa serikali. Mtu huyo hupima vyumba, hupiga picha, hutazama paa, kisha huandika tarakimu ambayo mlaji wake mkuu ni hazina. Kumwongezea fundi umeme mwenye leseni, ripoti yao ikabidhiwe mnunuzi kabla ya malipo ya kwanza na wote wawili wawajibike kwake kisheria, kungeongeza gharama kidogo tu juu ya safari ambayo muuzaji na mnunuzi tayari wanaigharimia. Serikali imekwisha kuona umuhimu wa kuijua nyumba kabla haijabadilisha mmiliki. Imeijua kwa ajili ya kodi yake.