USHAHIDI: PROGRAMU ILIYOANDIKWA NA WATU WENGI BILA KUFUTIANA KAZI

Mwishoni mwa Desemba 2007 Kenya iliwaka moto. Matokeo ya uchaguzi yalipingwa, serikali ikapiga marufuku habari za moja kwa moja, na hadi hali inatulia zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamepoteza maisha. Nani angeweka kumbukumbu ya yaliyotokea kila mtaa?

Januari 3, 2008, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh, akiwa Johannesburg, aliomba wataalamu wa kompyuta wamsaidie kuonyesha matukio hayo kwenye ramani. Jamaa wakajitokeza. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, akaingia kazini kuandika programu, na ndani ya siku chache tu tovuti ya Ushahidi ikawa hewani.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Baadaye msimbo wa Ushahidi, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta cha kufanya, uliachwa wazi kwa yeyote. Watu wa nchi tofauti, wengine hawajawahi hata kuonana, wakawa wanaurekebisha. Waliwezaje bila kuvurugana?

Aliyewahi kufanya kazi ya kikundi anaijua shida hii. Kuna faili la "mwisho", la "mwisho kabisa", na la "mwisho kabisa 2". Mmoja anasevu juu ya kazi ya mwenzake, kazi ya usiku mzima kwaheri!

Dawa ilikuwepo tayari. Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kutengeneza Git baada ya timu yake kunyimwa matumizi ya bure ya programu waliyoitegemea. Aprili 2008, miezi mitatu tu baada ya Ushahidi kuzaliwa, GitHub ikafunguliwa kwa umma. Msimbo wa Ushahidi uko huko mpaka leo.

Waliokulia Usukumani, kuanzia Binza hadi Bariadi, wataelewa haraka. Kwenye bugobogobo watu wanalima shamba moja kwa wimbo mmoja, ila kila mtu na jembe lake. Git nayo iko hivyo. Kila mtu anafanya majaribio kwenye tawi lake, shina halichafuki. Wasimamizi wakikagua na kuridhika ndipo tawi linaunganishwa. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Likiharibu, mnarudi pale palipokuwa salama.

Januari 12, 2010 tetemeko likaipiga Haiti. Watu wa kujitolea hawakuanza upya. Walichukua programu ileile na kuanza kuweka kwenye ramani maombi ya msaada. Kazi iliyozaliwa kwenye machungu ya Kenya ikafika Karibiani.

Wengi walioongeza mistari kwenye msimbo ule hakuna anayewajua mtaani. Hawana mashabiki, hawajawahi kuhojiwa redioni. Lakini ukifungua historia ya mradi, majina waliyotumia yapo, siku kwa siku, na hakuna bosi wa kuja kusema kazi yote aliifanya yeye.

Je, kikundi chenu kazi zenu mnazitunzaje? Au bado mko kwenye "mwisho kabisa 2"? Dondosha komenti hapo chini.