Paa zetu za Kolwezi: tundu la kuziba na tundu la kuacha

Mvua iko njiani. Kabla haijafika, tukumbuke paa zetu zilikotoka.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilileta wafanyakazi kwa mikataba mifupi, na magonjwa ya kambini yaliua wengi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliwaweka wanaume pamoja na wake na watoto wao, na polepole nyumba za matofali zikachukua nafasi ya zile za nyasi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na hata baada ya serikali kuichukua kampuni mwaka 1967, wazee wetu walilala chini ya paa la mwajiri. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, Gécamines ikadhoofika. Tangu hapo paa likivuja, ni shauri lako.

Kisha yakaja mahame. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakangoja treni stesheni kwa majuma. Mwaka 2017 familia za sehemu moja ya Kasulo zilihamishwa kwa ajili ya kobalti iliyo chini ya nyumba zao. Anayeweza hung'oa manjanja yake aende nayo, na kila hamisho huongeza matundu ya misumari.

Matundu hayo yazibe sasa, bati likiwa kavu. Kwangua kutu, paka lami, weka kiraka. Msumari upige juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na chini ya kichwa chake weka kipande cha mpira wa tairi la ndani.

Lakini tundu la hewa lililo chini ya paa usilizibe. Najua vumbi la malori ya migodi linatuchosha. Bwawa la Nzilo lilijengwa miaka ya 1950 kuipa migodi umeme, lakini nyumba nyingi bado hupikia makala. Hewa ya sumu ya mbabula haina harufu. Chumba kikifungwa, wanaolala hawaamki. Funika tundu kwa kipande cha chandarua kikuukuu, ukifue kila juma, na mbabula ilale nje.

Mvua hulowesha godoro, nalo hukauka. Mtoto aliyekosa hewa harudi.