Ufundishaji wa Watoto Wadogo kwa Muziki na Mijongeo

Ufundishaji kwa muziki na mijongeo ni njia ya kumwelimisha mtoto aliye chini ya miaka minane kwa kuimba, kupiga makofi, kuruka, kuigiza, kucheza ngoma na kupiga ala nyepesi. Kwa njia hii mtoto hujifunza lugha, hesabu, umahiri wa viungo na kuishi na wenzake. Hutumika nyumbani, kwenye vituo vya malezi, katika madarasa ya awali na miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Wimbo hapa si kiburudisho cha kusubiria somo. Ndio somo, na kama somo lolote unahitaji lengo, mpangilio na upimaji.

Chimbuko

Malezi ya kale yaliijua njia hii kabla haijaandikiwa vitabu. Pwani ya Afrika Mashariki mtoto hupokewa na nyimbo za kubembeleza, na akishaweza kukimbia huingia kwenye ukuti, ambapo watoto hushikana mikono na kuzunguka duara huku wakiimba. Katika mchezo wa nyama, kiongozi hutaja majina ya wanyama. Akitajwa anayeliwa, watoto huitikia na kuruka. Akitajwa asiyeliwa, hutulia. Ndani ya mchezo huo mmoja mna usikivu, msamiati, uainishaji na kujizuia.

Huko Ulaya, Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya chekechea mwaka 1837, alichapisha mwaka 1844 kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya mama na mtoto. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki mjini Geneva, aliona wanafunzi wake wanajua kanuni za muziki lakini mapigo yanawapotea. Akawafundisha kuyatembea, kuyakimbia na kuyasimamisha kwa miili yao. Carl Orff na Gunild Keetman walitoa juzuu tano za muziki kwa watoto kati ya 1950 na 1954, wakiunganisha usemi, ngoma na ala rahisi. Zoltán Kodály wa Hungaria alisisitiza kwamba mtoto aanze na nyimbo za jadi za lugha ya mama. Njia zao zinakutana kwenye jambo moja: sauti na mwili hutangulia, alama za kuandika hufuata.

Inavyofanya kazi

*Lugha.* Kupiga kofi kwa kila silabi humfanya mtoto asikie vipande vya neno kabla hajaviona ubaoni. Kiswahili kinafaa sana kwa zoezi hili, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu. *Embe* ni makofi mawili, *kitabu* matatu. Mwalimu awe makini na *m* na *n* zinazosimama peke yake: *mtu* ni makofi mawili, *mtoto* matatu, *nchi* mawili, lakini katika *ndege*, *n* huungana na konsonanti inayofuata na makofi hubaki mawili. Mtoto aliyezoea kugawa maneno hivi hufika kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu akiwa na sikio lililoandaliwa.

*Hesabu.* Kuruka mara nne huku ukihesabu humfundisha mtoto kwamba kila namba ina kitu kimoja inachokihesabu. Mpangilio wa kofi, kofi, goti, kofi, kofi, goti ni somo la ruwaza.

*Mwili.* Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, 60 kati ya hizo zikiwa za nguvu ya wastani au zaidi. Kuruka, kuchuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja hujenga misuli mikubwa na mizani ya mwili. Michezo ya vidole huandaa mkono kwa kalamu.

*Kujidhibiti.* Ngoma ikinyamaza, wote wanasimama kama sanamu. Zoezi hili humzoeza mtoto kuzuia mwili wake, kungoja na kufuata maelekezo.

Shughuli kulingana na umri

Mtoto mchanga hutosheka na sauti ya mlezi, kubembelezwa na kurushwarushwa taratibu magotini. Wa mwaka mmoja hadi miwili huiga ishara na kutikisa manyanga, ingawa maneno bado hayajatimia. Wa miaka mitatu na minne humudu nyimbo fupi za vitendo na kuigiza mwendo wa wanyama. Wa miaka mitano na sita hushika mdundo kwa pamoja, hucheza michezo ya duara yenye kanuni na hutunga mistari yao.

Hatua za kipindi

Tuseme lengo ni maneno ya mahali: *juu*, *chini*, *ndani*, *nje*.

1. Mwalimu huimba wimbo mfupi wote huku akionesha vitendo.
2. Watoto huitikia mstari kwa mstari, kwa sauti isiyowalazimisha kupiga kelele.
3. Huongeza mijongeo: mikono juu, kuchuchumaa chini, kuruka ndani na nje ya duara lililochorwa mchangani.
4. Mwendo hubadilishwa, haraka kisha polepole, na mtoto mmoja hushika uongozi.
5. Wimbo huwekwa kando. Mwalimu humwambia mtoto aweke kizibo ndani ya kikombe au chini ya meza.

Hatua ya mwisho ndiyo kipimo. Darasa linaweza kuimba namba hadi ishirini bila kosa, na bado mtoto akaombwa mawe matano akaleta saba.

Vifaa na ujumuishi

Chupa ya plastiki yenye kokoto huwa manyanga, ndoo iliyopinduliwa huwa ngoma, vizibo vilivyotungwa kwenye waya huwa njuga. Chupa yenye kokoto ifungwe imara, maana mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Mtoto kiziwi huupata mdundo kwa kuweka kiganja kwenye ngoma, na wa kiti cha magurudumu hucheza kwa mikono na mabega. Darasa likijaa, nusu hucheza na nusu hushika makofi, kisha hupokezana.

Afrika Mashariki leo

Mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Zanzibar pia ilirusha vipindi vya redio vya *Tucheze Tujifunze*, vilivyowafikishia watoto nyimbo na michezo ya kujifunzia. Dar es Salaam ndiko lilikozaliwa shirika la Ubongo, linalotengeneza katuni ya *Akili and Me* kwa watoto wa awali. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi umeipa mijongeo na ubunifu nafasi katika madarasa ya awali ya PP1 na PP2.

Redio na katuni husaidia, lakini hazimwoni mtoto aliyekosea hatua. Anayemwona ni mwalimu na mzazi. Basi mwalimu auandike wimbo katika andalio la somo pamoja na lengo lake, na mzazi asiulize kwa nini watoto wanaimba badala ya kusoma. Wanapoimba na kuruka kwa mpango, wanasoma.