Si Yeye Aliyetangaza
Kutoka Singida, ukipita Babati, unafika Arusha. Huko ndiko Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, alikohukumiwa. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Watangazaji walikuwa wengine. Novemba 2007 majaji wa rufaa walimpunguzia kifungo, kutoka maisha hadi miaka 30, lakini hawakumwachia. Ushahidi uliomkaba ni huu: Wafaransa walipomwomba aizuie redio kuwashambulia walinda amani wa Umoja wa Mataifa, mashambulizi yalikoma. Kumbe aliweza! Kwa Watutsi hakuchukua hatua. Ndiyo maana simkubalii admini wa kundi la WhatsApp, Manyoni au kwingineko, anayejitetea kwamba si yeye aliyeandika, na kitufe cha kufuta anacho.