Askari ama mwanajeshi? Uzi mfupi kabla hamjatukanana

Kwenye matatu ya kutoka Kitengela kwenda Kajiado, wazee wawili walibishana hadi Isinya. Mmoja: "Askari walitolewa mitaani bila Bunge." Mwingine: "Tangu lini askari akaomba Bunge ruhusa?" Nilinyamaza, lakini kila mmoja alikuwa na askari wake kichwani.

Neno ni la Kiarabu, na huko lilihusu jeshi. Waingereza walipounda King's African Rifles mwaka 1902, Mwafrika aliyebeba bunduki ya mfalme aliitwa askari. Ng'ambo ya Namanga, Wajerumani nao walikuwa na askari wao. Novemba 1914 Waingereza waliwavamia pale Longido, wakashindwa kuwatoa, wakarudi nyuma.

Sasa hapa ndipo mambo yalichanganyika. Polisi wa mkoloni pia aliitwa askari. Wa jela, askari. Ukikamatwa kwa kukosa kipande, ungetofautisha vipi? Bunduki zote zilikuwa za bosi mmoja.

Uhuru ukaja, KAR yetu ikawa Kenya Rifles, na polepole anayelala kambini tukamwita mwanajeshi. Askari akabaki wa geti, wa kaunti (kanjo, mnawajua) na polisi. Leo ukipiga kelele "askari!" hapa Kitengela, hakuna anayetegemea KDF itokee.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyochora mstari. Polisi kazi yake ya kila siku ni usalama wa ndani, haombi Bunge. Mwanajeshi ni kulinda mipaka kwanza. Soma kifungu cha 241: akisaidia wakati wa dharura au janga, Bunge la Kitaifa lipewe ripoti, akitumwa kurejesha amani palipo na vurugu, lazima Bunge liidhinishe.

Juni 25, 2024 ilitangazwa kwamba KDF inaenda kusaidia polisi. Bunge liliidhinisha kesho yake. Kwa hivyo mzee wa kwanza alikuwa na hoja nzito, ila alitumia neno la kumharibia. Akisema "askari", anajibiwa kuhusu polisi na mjadala unaisha.

Na si maneno tu. Ukiumizwa, IPOA huchunguza polisi. Mwanajeshi hayuko chini yake. Kwa hivyo ukiandika malalamiko, usiandike "askari" ukaachia hapo. Andika sare ilikuwa ya rangi gani, na gari liliandikwa nini.